Butembo: Esuiglasi zikikataa kwenye mvua, usikimbilie kununua moteri

Mjini Butembo, jimboni Kivu Kaskazini, mvua haitafutwi. Mji uko karibu kabisa na mstari wa ikweta, juu milimani, na kuanzia mwezi wa Agosti hadi Novemba mawingu yanafunguka mara kwa mara alasiri. Dereva anayeelekea Beni, takriban kilometa 50, au anayepanda kuelekea Lubero ndani ya ukungu, anazitegemea esuiglasi sawa na freni. Zikisimama katikati ya mvua haoni tena mbele, na pembeni ya barabara kuna watoto wanaotoka shuleni, pikipiki, na chukudu zilizojaa mizigo.

Gari nyingi zinazotembea hapa ni Toyota za zamani, Carina, Corolla na ndugu zao, zilizokwisha kutumika Japani kabla ya kuingia kupitia Mombasa au Dar es Salaam. Kwa umri huo, esuiglasi kuharibika ni jambo la kawaida. Shida ni namna zinavyotengenezwa. Mara nyingi neno la kwanza garajini ni kwamba moteri imekufa. Mwenye gari anatumwa kununua moteri ya okazyo, analipa, inafungwa, nayo pia haizunguki. Muuzaji harudishi pesa. Na ugonjwa haukuwa kwenye moteri.

Kabla ya kutoa hata franga moja, mwagia kioo maji, washa kontakti, zungusha swichi ya esuiglasi, kisha usikilize.

Ukisikia moteri inanguruma lakini mikono haiendi, moteri ni nzima. Chini ya kioo, ndani ya ule mfereji uliofunikwa na plastiki, kuna vyuma virefu vinavyopeleka nguvu ya moteri kwenye mikono miwili. Vyuma hivyo vinashikana kwa vichwa vya mviringo vilivyoingia ndani ya plastiki ndogo. Plastiki ikizeeka, kichwa kinatoka, na moteri inazunguka bure. Na kama mkono mmoja unafanya kazi na mwingine umelala, anza na ekru iliyo chini ya mkono uliolala. Pengine imelegea tu, au meno ya mkono yameisha. Kukaza ekru ni kazi ya dakika mbili.

Kama hakuna sauti kabisa, nenda kwenye fyuzi, ile wengi wanaiita fizible. Ikiwa imekatika, weka nyingine yenye namba ileile. Hapa ndipo wengi wanaharibu gari. Fyuzi ya amperi 20 ni ya manjano, ya 30 ni ya kijani. Kutoa ya manjano na kuweka ya kijani, au kufunga waya na karatasi ya sigara, ni kuhamisha moto kutoka kwenye fyuzi kwenda kwenye nyaya. Fyuzi inayokatika tena na tena inakuambia kwamba vyuma vimekwama au waya umegusa bodi mahali fulani. Mtafute huyo adui kwanza.

Fyuzi ni nzima na kimya kinaendelea? Chukua taa ndogo ya volti 12 yenye nyaya mbili, chombo ambacho kila fundi umeme anacho. Chomoa fishi ya moteri, washa swichi, pima kila tundu linalopaswa kuleta umeme. Taa isipowaka popote, moteri haina kosa: umeme unapotelea kwenye swichi, kwenye rele au njiani. Taa ikiwaka, rudisha fishi, kisha unganisha waya kutoka kwenye mwili wa moteri hadi kwenye ncha hasi ya batri. Moteri ikiamka, kilichokosekana ni masi. Kutu na matope vimekula mahali moteri inapogusa bodi. Sugua, kaza, na pesa yako inabaki mfukoni.

Esuiglasi zinazokwenda polepole kama mzee anayepanda mlima zinadanganya watu zaidi. Wengi wanalaumu batri. Lakini jaribu hivi: ondoa ncha ya batri, tenganisha vile vyuma na moteri, kisha usogeze mikono kwa mkono wako. Ikiwa migumu, mihimili yake imekauka. Vumbi letu jekundu na majani vinaziba matundu ya kutolea maji chini ya kioo, maji yanalala pale, kutu inaingia. Safisha, weka grisi. Ikiwa milaini, rudisha batri na uache moteri izunguke peke yake; ikizunguka kwa uchovu hata bila mzigo, na masi ni nzuri, sasa unaweza kuishuku. Vidole vikae mbali na vyuma wakati batri imeunganishwa, kwa kuwa vinafunga kama mkasi.

Kuna dalili mbili nyingine. Esuiglasi zinazofanya kazi kwa mwendo mmoja tu zinaonyesha swichi, au mojawapo ya makaa yanayopeleka umeme ndani ya moteri limeisha. Zinazosimama katikati ya kioo ukizima, badala ya kurudi chini, zina shida kwenye kile kiungo kidogo cha umeme ndani ya moteri kinachozirudisha mahali pa kulala. Vyote hivi fundi mwenye subira anaweza kufungua na kusafisha.

Mipira nayo isisahaulike. Ikiacha mistari au kulia kwenye kioo, ifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni, uoshe na kioo. Usiipake mazutu wala petroli, itavimba na kuharibika. Zile mbinu za kusugua kioo kwa tumbaku au kiazi zinaweza kukufikisha nyumbani jioni moja, lakini hazipaswi kuwa tabia ya gari inayobeba abiria.

Na ikiwa baada ya haya yote moteri imekufa kweli, nenda sokoni na ile ya zamani mkononi. Linganisha fishi, matundu ya bulo na upande usukani ulipo, kwa sababu moteri ya gari yenye usukani kuume si lazima iingie kwenye yenye usukani kushoto. Kisha mwombe muuzaji aiunganishe kwenye batri mbele yako, kwa mwendo wa polepole na wa haraka. Akikataa, nenda kwenye duka linalofuata.