Mali Iliyopanda Gari la Taka

Gari la taka likipiga honi Ngarenaro au Sombetini, jijini Arusha, hakuna anayepata muda wa kuuliza maswali. Watu wanatoka mbio na viroba, vijana walio juu ya gari wanavidaka, dereva anasogea nyumba ya pili. Salfeti iliyoegemezwa getini huenda ina maganda ya ndizi, na huenda ina nguo za kupeleka kwa dobi au sufuria zinazosubiri fundi wa kuziba. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, salfeti imebaki kuwa chombo cha kila shughuli, na kwa nje zote zinafanana. Ikipakiwa kimakosa, mwenye mali huanza kuzungushwa: kijana wa gari anamtuma kwa mzabuni wa uzoaji taka, mzabuni anamtuma kwa mtendaji wa mtaa, mtendaji anamtuma halmashauri. Migogoro ya namna hii haina njia ya maana ya kumalizwa mahakamani. Mahali pake ni mtaani, ndani ya saa chache, kwa utaratibu ulioandikwa, na halmashauri zina mamlaka ya kuuweka utaratibu huo leo.

Chanzo cha kosa ni mahali taka zinapochambuliwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitaka serikali za mitaa ziweke masharti ya kutenganisha taka pale zinapozalishwa, pamoja na viwango vya vyombo vya kuhifadhia, hadi umbo na rangi. Lengo lilikuwa kupunguza taka, lakini sharti hilo lingelinda mali pia, kwa sababu kitu kisicho ndani ya chombo cha taka kingejulikana kuwa si taka. Kwa kawaida, hata hivyo, nyumba hukusanya kila kitu pamoja, na uchambuzi hufanyika baada ya mzigo kutoka getini. Vijana wa gari na waokota makopo hutoa chupa, maboksi na vyuma, wakauza kwa kilo kwa mwenye mizani wa karibu, naye akapeleka mbele kwa mnunuzi mkubwa. Hiyo ni kazi halali na ina faida kwa mji. Ila ina maana kwamba kitu chenye thamani ndicho kinachotafutwa kwanza na kuuzwa haraka. Sufuria ya alumini iliyokwisha kupondwa ili isichukue nafasi haiwezi kutambuliwa na mwenyewe, sembuse mtendaji wa mtaa. Mabaki yote huishia dampo la kisasa la Muriet, na katika dampo la aina hiyo taka hushindiliwa na kufukiwa kwa udongo. Hatari huzidi Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi kitaifa, ambapo vitu vizuri na vibovu vyote hutolewa nje wakati nyumba zinafagiliwa.

Mwenye mali akienda polisi, huenda asisaidiwe sana. Chini ya Kanuni ya Adhabu wizi unahitaji nia ya udanganyifu, na mtu aliyechukua kitu akiamini kwa dhati kwamba ana haki ya kukichukua hana jinai. Mzoa taka aliyepakia salfeti getini akidhani ni taka yuko karibu kabisa na maelezo hayo. Inabaki njia ya madai, na hapo mlima ni mrefu kuliko Meru. Ibara ya 24 ya Katiba inalinda mali ya kila mtu, lakini marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yaliziingiza serikali za mitaa katika Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali. Kwa hiyo anayetaka kuidai halmashauri atoe kwanza notisi ya siku 90, kisha amuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na shauri lenyewe lifunguliwe Mahakama Kuu. Utaratibu huo una mantiki kwenye mikataba ya mabilioni, kwa kuwa fedha za umma hazipaswi kuchotwa kwa kesi za kuvizia. Kwa sufuria mbili na blanketi, nauli na ada ya wakili vitaishinda thamani ya mali kabla hata ya notisi kufika nusu.

Wapo watakaosema basi ashtakiwe mzabuni, ambaye ni mtu binafsi. Ni kweli njia hiyo ni nyepesi zaidi. Lakini mzabuni atajibu kwamba alikuwa akitekeleza kazi ya halmashauri, na halmashauri itajibu kwamba kazi ilishakabidhiwa. Tena kuzunguka mji huu kuna mamlaka tatu: Jiji la Arusha, Halmashauri ya Wilaya ya Arusha yenye Ilboru na Ngaramtoni, na Halmashauri ya Wilaya ya Meru yenye Tengeru na Usa River. Kwa mkazi wa mpakani, kujua tu ofisi ya kuanzia malalamiko ni kazi.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kitu kilichoachwa barabarani kimetupwa, na mwenyewe ajilaumu. Hoja hiyo inasahau kwamba kutupa ni uamuzi, si mahali kitu kilipowekwa. Uingereza, ambako sheria yetu ya madai ina mizizi yake, mahakama iliwahi kuamua mwaka 1957, katika kesi ya wazoa taka walioshtakiwa kwa wizi, kwamba hata taka halisi zilizomo pipani bado ni za mwenye nyumba hadi zichukuliwe, na zikichukuliwa ni za halmashauri. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, lakini fikra yake ni nzuri: mali haipotezi mwenyewe kwa kukaa nje ya geti. Huko huko kumetoka pia onyo. Mjini Newport, Wales, mtu mmoja alipoteza diski ya kompyuta iliyobeba funguo za maelfu ya sarafu za bitcoin, ikaishia dampo mwaka 2013. Aliiomba halmashauri kwa miaka mingi imruhusu kuchimba, na Januari 2025 Mahakama Kuu ilitupa shauri lake. Moja ya sababu ni sheria ya nchi hiyo inayosema kilichokabidhiwa halmashauri ni mali yake. Utajiri wote ule haukuweza kufukua dampo. Kitu kikishafukiwa haki nayo imefukiwa, hivyo ulinzi wa maana ni ule unaotangulia dampo.

Pingamizi jingine ni kwamba utaratibu wa madai utazaa waongo, na gari likisimama kusikiliza kila lalamiko taka zitaoza mitaani na kipindupindu kitabisha hodi. Hofu ya pili ni ya haki, ndiyo maana gari lisisimame. Litenge tu kile kisichofanana na taka: chombo kizima, nguo zilizokunjwa, begi lililofungwa, nyaraka. Vitu hivyo vishushwe ofisi ya serikali ya mtaa, viandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe na njia ya gari, vikae saa 48. Asiyejitokeza asilaumu mtu, na mzabuni auze. Kuhusu waongo, daftari ndilo linalowabana: anayedai aeleze kitu kabla hajaonyeshwa, na akidai ambacho hakikuandikwa mzigo wa uthibitisho uwe wake. Ubishi ukibaki, mabaraza ya kata yapo kwa ajili ya usuluhishi tangu sheria yake ya mwaka 1985. Gharama ni daftari, kona ya ofisi na kifungu kimoja katika mkataba wa mzabuni.

Atakayefaidika zaidi huenda akawa mzoa taka mwenyewe. Leo kitu kikipotea mtaani, kijana mwenye kiroba cha makopo ndiye mshukiwa wa kwanza, na hana karatasi ya kumtetea. Akiwa na kizibao chenye namba na daftari linaloonyesha kwamba hukabidhi anachokitilia shaka, mtaa utamwita mfanyakazi badala ya kumkimbiza. Mnunuzi wa chuma chakavu, ambaye tayari anahitaji kibali cha mamlaka za mazingira, naye aandike aliyemuuzia na kusubiri siku mbili kabla ya kuponda chombo kizima. Mkazi ana sehemu yake: taka zikae kwenye chombo chenye alama, na mali isiwekwe karibu nacho siku ya gari. Halmashauri zinatunga sheria ndogo za usafi na kutoza ada ya taka. Zikitoza ada ya kuchukua, ziandike pia namna ya kurudisha.