Kwaya na gazeti la ukutani shuleni: yafaayo kujua mapema

Katika shule za sekondari za Kakuma na Kalobeyei, kwaya huwaweka pamoja wanafunzi wakimbizi na wenyeji Waturkana. Inayofanya vizuri kwenye tamasha la muziki la shule za Kenya husonga kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kanda, kisha taifa. Lakini mkimbizi haondoki kambini bila kibali cha kusafiri. Mwalimu asisubiri wiki ya safari, akiombe mapema, la sivyo sauti nzuri itabaki nyuma.

Gazeti la ukutani halina gharama: karatasi, kalamu na ubao. Hatari yake ni simu. Mtu akipiga picha habari ya mwanafunzi aliyekimbia vita, jina lake linaweza kuwafikia waliomtishia. Wahariri, mwulizeni kwanza yeye na mzazi wake. Wakikataa, andikeni bila jina wala kijiji.