Springi ya Nyuma Haikingi Mgongo

Kila wiki husimama mtu mlangoni pangu hapa Kuze na swali lile lile: "Fundi, si bora nichukue baiskeli ya springi mbili, mbele na nyuma? Mgongo wanisumbua." Nimelijibu hadi nimechoka.

Springi peke yake haikingi kitu. Ukiibonyeza hurudi, na nguvu uliyoitia ndiyo inayokurudia. Cha kuituliza ni mafuta: shokabzoba ya kweli huyalazimisha yapite kwenye vitundu vyembamba, na ule mrusho hugeuka joto. Nyingi ya baiskeli za bei nafuu ninazoletewa, ukiifungua springi ya nyuma hukuti hata tone. Ni koili tupu na bolti katikati. Shimo moja hukurusha mara mbili. Ukipanda daraja la Nyali, sehemu ya nguvu za miguu huishia kuibonyeza koili badala ya kusukuma gurudumu. Wafika umechoka, na mgongo ni ule ule.

Husema tena, "Mimi hukaza ile nati, springi ikawa ngumu." Haiwi ngumu! Ugumu wa koili umo katika unene wa waya wake na jinsi ulivyosokotwa. Nati huongeza mkazo wa kuanzia tu. Ukikaza kupita kiasi, shimo dogo halitaitikisa springi, nawe utakuwa unabeba chuma cha bure.

Na wanaomwagia mafuta ya taa viungo vinavyolia, nawasihi waache. Yanaosha grisi, na kwa hewa yetu ya chumvi kiungo kisicho na grisi hakikawii kushika kutu. Fremu nzuri ya springi mbili aghalabu ina viungo kadhaa, kila kimoja na beringi au bushi zake. Nani atakufungulia na kuzitia grisi?

Tom Ritchey wa California ni mmoja wa waliounda baiskeli za milimani za mwanzo kabisa, miaka ya 1970. Mwaka 2005 alifika Rwanda, akawaona wakulima wakihangaika na magunia ya kahawa katika vilima vile, akawabunia baiskeli ndefu ya mizigo. Huyu anazijua springi kuliko sisi sote, na hakuiwekea hata moja.

Sisemi springi mbili hazina kazi. Jaroslav Kulhavý alishinda dhahabu ya Olimpiki London 2012 juu ya baiskeli ya namna hiyo. Lakini ile ilikuwa na mafundi wake.

Basi chagua hivi. Wabeba mizigo? Fremu ya chuma, bila springi. Mjini, na vumbi la Kwale mara moja moja? Springi ya mbele tu, foku yenye mafuta na kitasa cha kuifunga unapopanda. Wateremka mawe ya Taita kila wiki na fedha za matengenezo unazo? Chukua springi mbili, yenye shokabzoba ya kurekebishika. Mgongo ukiuma, anza na tairi: nambari kubwa ubavuni ni kikomo, si agizo. Tairi pana ya inchi 2.1 yamtosha mtu wa kawaida kwa psi 30 hadi 40. Kisha pandisha siti, goti libaki limekunjika kidogo tu pedeli ikiwa chini.

Na kabla hujalipa, ibonyeze siti kwa uzito wako wote, kisha iachie ghafla. Ikirudi kwa kuruka, iache pale pale dukani.