Kazi ya Mfuko wa Nyongo

Mbuzi anapochinjwa huko Sola, mkoani Simiyu, mchunaji huutoa mfuko wa nyongo kwa uangalifu, maana ukipasuka nyama huwa chungu. Nyongo yenyewe haitengenezwi na mfuko huo bali na ini, ambalo kwa mtu mzima hutoa yapata nusu lita hadi lita moja kwa siku. Mfuko, wenye ujazo wa mililita 50 hivi, huihifadhi na kuikoleza kwa kufyonza maji yake.

Mafuta ya chakula yaingiapo katika duodeni, kuta zake hutoa homoni iitwayo kolesistokinini, waliyoieleza Ivy na Oldberg huko Marekani mwaka 1928. Homoni hiyo husafiri kwa damu, na mfuko hujikaza na kumimina nyongo. Chumvi za nyongo huyatawanya mafuta kuwa vitone vidogo mno, ndipo kimeng'enya cha kongosho kiyavunje. Mwalimu aweza kutikisa maji na mafuta ya pamba katika chupa mbili, moja ikiwa imetiwa nyongo ya mbuzi: humo mafuta hukawia kujitenga.

Nyongo hubeba pia rangi itokanayo na chembe nyekundu za damu zilizovunjika. Kwa mwenye selimundu, ugonjwa ulioenea Kanda ya Ziwa, chembe hizo huvunjika kwa wingi, na rangi huweza kuganda kuwa vijiwe hata utotoni. Maumivu makali chini ya mbavu za kulia, yakiandamana na homa au macho kuzidi umanjano, ni ya kupelekwa hospitali upesi. Mfuko ukiondolewa, mgonjwa huendelea kumeng'enya chakula. Nyongo hutiririka kutoka ini hadi utumboni, kama kwa pundamilia wa Serengeti, ambaye hana mfuko huo kabisa.