Nyoka wa Kwenye Sarafu Hana Jini

Swali ni lile lile, picha tu ndizo zinazobadilika. Mtu ana sarafu ya kale ya Kigiriki au ya Kirumi, au ameiona kwa muuzaji, naye ananiuliza: "Mtaalamu, hii yenye nyoka ni ya Freemason au ni chuma ulete?" Wengine huja wameshajibiwa. Wameambiwa kwamba sarafu hiyo inavuta mali, na kwamba maji yaliyolazwa nayo yanatibu. Mwaka iliotolewa, mji ilikotoka na uzito wake, mambo ambayo yana majibu, hakuna anayeyauliza.

Nijibu mara moja kwa wote. Kwa Mgiriki na Mrumi wa kale, nyoka kwenye fedha mara nyingi alikuwa habari njema: afya, rutuba, ulinzi wa mji. Anayemwona Shetani pale anasoma sura ya tatu ya kitabu cha Mwanzo kwenye mali ya watu ambao kitabu hicho hakikuwa chao. Na hata Biblia haimsemi nyoka kwa namna moja tu, maana katika Hesabu 21 Musa anainua nyoka wa shaba ili walioumwa wapone.

Chukua fedha ya Pergamo, mji ambao leo unaitwa Bergama, nchini Uturuki. Karne ya 2 KK wafalme wake, ukoo wa Attalos, walianza kutoa sarafu ya fedha iliyoitwa kistoforo. Ina uzito wa gramu 12 na nusu hivi, wakati sarafu kubwa ya kipimo cha Athens ilikaribia gramu 17. Nyepesi namna hiyo, haikuwa na faida kuipeleka nje, ikabaki kuzunguka ndani ya ufalme. Upande mmoja kuna kikapu cha ibada ya mungu Dionysos. Kifuniko kimeinuka nusu na nyoka anatoka, na taji la majani ya mtambaa limevizunguka vyote. Ukiigeuza unawakuta nyoka wawili waliojiviringisha, shingo juu, na katikati yao podo lenye upinde.

Nyoka watatu kwenye sarafu moja! Nyoka angekuwa nuksi, wafanyabiashara wangeikataa fedha hiyo siku ya kwanza. Waliipokea kwa zaidi ya miaka 100. Efeso waliitoa, Sardi waliitoa, Tralles waliitoa. Mwaka 133 KK Attalos wa Tatu alifariki na kuwaachia Warumi ufalme wake kwa wosia, nao wakaendelea kuitoa pamoja na nyoka wake, kistoforo kimoja kwa dinari tatu. Cicero, mwanasheria na mwanasiasa wa Roma, alimwandikia rafiki yake Atticus kwamba ana sestersi zipatazo milioni 2.2 katika jimbo la Asia, zikiwa katika fedha hizo. Mwaka 39 KK Marcus Antonius aliweka sura ya mkewe Octavia juu ya kikapu kile, nyoka huku na nyoka huku. Octavia alikuwa dada wa Octavian, na ndoa ile ilifunga mapatano ya wakubwa wawili wa Roma, Antonius na Octavian. Hakuna anayetangaza ndoa na amani kwa alama ya laana.

Sasa tuje kwenye tiba, maana hapa ndipo wajanja wanapopata mwanya. Asclepius, mungu wa tiba, alishika fimbo moja yenye nyoka mmoja. Kwenye mahekalu yake walifugwa nyoka wasio na sumu, wakipita kati ya wagonjwa. Warumi walisimulia kwamba tauni ilipowashika walituma ujumbe Epidauros, huko Ugiriki, na nyoka wa mungu huyo akapanda merikebu yao mwenyewe, akaja kushukia kisiwa cha mto Tiber, ambako hekalu lilifunguliwa mwaka 291 KK. Zaidi ya miaka 400 baadaye kaisari Antoninus Pius aliitoa hadithi hiyo kwenye medali ya shaba: merikebu inaingia, nyoka yumo, na mto Tiber, kwa sura ya mzee aliyejinyoosha, unanyoosha mkono kumpokea. Dinari iliyotolewa na Manius Acilius mwaka 49 KK ina kichwa cha Salus, mungu wa kike wa afya. Upande wa pili Valetudo, naye wa afya, ameegemea nguzo na ameshika nyoka mkononi kama mtu aliyeshika kitu chake. Kwenye sarafu nyingi za makaisari Salus anamlisha nyoka kwa kisahani juu ya madhabahu. Zilikuwa dua za kumtakia kaisari afya, zikatembea mikononi mwa askari na wauza samaki.

Sarafu hizo zilitangaza tiba. Hazikuwa tiba, na hata zama zile kulikuwa na matapeli waliochanganya mambo hayo mawili. Karne ya 2 BK, katika mji wa Abonoteichos, pwani ya Bahari Nyeusi, mtu aitwaye Alexander alileta mungu mpya kwa jina la Glykon: nyoka mwenye kichwa kinachofanana na cha binadamu. Mwandishi Lucian, adui yake mkubwa, anaeleza ujanja wenyewe. Nyoka mkubwa mpole alinunuliwa Makedonia. Kichwa chake halisi kilifichwa kwapani mwa Alexander, na kichwa cha kitambaa kilichopakwa rangi kikatokezwa mbele, mdomo wake ukivutwa kwa nywele za farasi. Utabiri mmoja uliuzwa drakma moja na oboli mbili. Tauni ilipoingia, Alexander alisambaza mstari wa kinga wa kuandikwa mlangoni. Lucian anasema nyumba zilizouandika ndizo zilizopoteza watu zaidi, labda kwa kuwa wenyewe waliutegemea wakaacha kujihadhari.

Usidhani Lucian aliyatunga yote. Sarafu za mji huo zipo, nyoka mwenye nywele na jina lake Glykon vikionekana wazi, na sanamu yake ilifukuliwa Constanța, Romania, mwaka 1962. Kwa hiyo anayekuuzia maji ya sarafu ya nyoka leo anafanya biashara ambayo Lucian alishaianika. Tena kuna hatari nyingine: shaba nyingi za Kirumi zilichanganywa na madini ya risasi, na ile kutu ya kijani ni sumu. Maji hayo mwaga. Usimpe mtoto.

Shetani mnayemtafuta yupo, ila amechelewa. Mwaka 327 hivi BK, Constantine, kaisari aliyeupokea Ukristo, alitoa Constantinople sarafu ndogo ya shaba yenye maneno SPES PVBLIC, yaani tumaini la umma. Bendera yenye alama ya Kristo kileleni imesimama, na ncha ya mti wake imemchoma nyoka. Miaka michache kabla, mwaka 324, alikuwa amemshinda mpinzani wake Licinius. Hapo nyoka ni adui kweli. Lakini sarafu hiyo ni adimu sana, na kati yake na vistoforo vya kwanza imepita karibu miaka 500. Kumtafsiri nyoka wa Pergamo kwa nyoka wa Constantine ni kosa la kitaalamu, na linawatia watu hofu bure.

Basi mtazame nyoka pamoja na alichonacho jirani. Fimbo moja na nyoka mmoja ni Asclepius. Fimbo yenye mabawa na nyoka wawili ni ya mungu Hermes, yaani Mercury wa Warumi: biashara, ujumbe, amani. Jeshi la Marekani liliichukua kuwa nembo ya madaktari wake mwaka 1902, na hadi leo watu wanazichanganya fimbo hizo mbili. Mtoto anayenyonga nyoka ni Herakles. Tai mwenye nyoka, angalia mji wa Chalkis, Ugiriki. Nyoka mwenye taji la kifarao ni mlinzi wa Aleksandria. Tembo kwenye sarafu ya Julius Caesar anakanyaga nyoka au tarumbeta ya vita ya Wagalli. Wataalamu bado wanabishana.

Kabla hujatoa hela, pima uzito na utazame ukingo: mstari wa kalibu au vitundu vya hewa maana yake mara nyingi ni bandia. Ikinasa kwenye sumaku, achana nayo. Usiisugue kwa ndimu, majivu wala dawa ya meno, utaiharibu sura na bei. Usilipe hata senti moja ya ziada kwa sababu ya "nguvu" zake. Na ukiiokota ardhini, usiiuze. Kenya ipeleke Makumbusho ya Taifa. Tanzania toa taarifa kwa Idara ya Mambo ya Kale, kwa kuwa sheria ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863.