Kisu cha Mfukoni: Chuma Kiuzwacho kwa Rangi

Apitaye katika mitaa ya Kariakoo inayouza vifaa vya mafundi, pale ambapo misumari, bawaba, kufuli na tupa hupangwa juu ya meza za mbao hadi ukingoni, hakosi kukuta sanduku la kioo lililofungwa kwa kitasa, na ndani yake visu vyeusi vya kukunja, baadhi vimeandikwa majina ya majeshi ambayo hayajapata kuviona, vingine vina meno kama ya papa, na vyote, kwa kauli ya kijana aviuzaye, ni visu vya komando.

Mnunuzi wake si komando. Ni dereva wa watalii aendaye mbugani, ambaye kamba na mpira humkatikia mbali na duka; ni fundi umeme amenyaye nyaya; ni mlinzi wa usiku; ni mvuvi apaaye samaki ufukweni kabla jua halijapanda; ni mwenye nyumba ambaye, Iddi ya kuchinja ikikaribia, hukumbuka ghafla kuwa sheria ya dini inataka kisu kiwe kikali, ilhali kile cha jikoni kwake hakikati hata nyanya. Haja yao hawa wote ni moja, chuma kishikacho makali, na mifuko yao yote ni myepesi. Na baina ya haja hiyo na mifuko hiyo ndipo biashara hii inapopata riziki yake, na ndipo inapopata hila zake pia.

Si biashara ngeni katika pwani hii. Kitabu cha Kiyunani cha karne ya 1 kiitwacho Periplus chasimulia kwamba wafanyabiashara wa Muza, bandari ya Yemen, walikuwa wakileta Rhapta, bandari ya kale ya pwani hii, mikuki iliyofuliwa mahususi kwa soko hilo, na mashoka, na majambia madogo, na misharasi, wakarudi kwao na pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Basi desturi ya kufuliwa chuma ng'ambo kwa kadiri ya macho yetu ina umri wa karibu miaka 2,000. Baadaye Sheffield ya Uingereza na Solingen ya Ujerumani zilishika zamu, na leo zamu imeshikwa na Yangjiang, mji wa jimbo la Guangdong nchini China, ambako viwanda vya visu, vikubwa kwa vidogo, vimejaa hata mgeni aweza kuagiza kisu cha namna yoyote, cha bei yoyote na chenye maandishi yoyote. Maneno haya ya mwisho ndiyo yenye uzito. Ujerumani ilitunga sheria mwaka 1938 kulilinda jina la Solingen lisigongwe juu ya kisu kisichotoka huko. Sisi hatuna jina la kulinda, na maandishi yaliyogongwa juu ya bapa la kisu yamekuwa pambo kama mapambo mengine.

Mfanyabiashara mmoja wa jumla, ambaye kwa sababu zilizo wazi hakutaka jina lake liandikwe, na ambaye ameijua kazi hii tangu bidhaa zilipokuwa zikipitia Dubai, kabla ya wenziwe kujifunza njia ya Guangzhou, alinisimulia kisa chake kwa urefu ambao hata chai iliyokuwa mbele yetu ilipoa. Alisema kwamba safari moja alidhamiria kuleta visu vya kweli: bapa la chuma kiitwacho 8Cr13MoV, ambacho kina takriban sehemu 8 za kaboni katika 1,000 na sehemu 13 za kromi katika 100, kikapikwa hata ugumu wake ukafika 57 au 58 kwa kipimo cha Rockwell, mpini wa mti, bila rangi nyeusi wala meno. Hakutaka faida kubwa, alisema. Alitaka mnunuzi arudi. Lakini vijana wa rejareja waliovichukua kwa mali kauli walimrudishia baada ya wiki chache, kwa hoja kwamba wateja wamesema havina sura. Wakati huohuo jirani yake wa mlango wa tatu aliagiza kutoka mji uleule wa Yangjiang visu vya 3Cr13, chuma chenye kaboni sehemu 3 tu katika 1,000, vikapakwa rangi nyeusi na kugongwa tarakimu 440, jina la chuma chenye kaboni zaidi, na vikauzwa kwa nusu ya bei yake hata sanduku likawa tupu. Kiwandani, alisema mzee huyu, humwuliza mwagizaji anataka bapa liandikwe nini, kama fundi cherehani amwulizavyo mtu anataka vifungo vya rangi gani.

Jambo lililomwuma zaidi lilikuwa la bandarini. Karatasi zake zilitaja visu vya kukunja vyenye kufuli, kama vilivyokuwa, na kwa ukweli huo shehena yake ilikaa bohari kwa siku nyingi, ikila tozo, watu wakiulizana mezani kama hizi ni silaha au vyombo vya kazi. Ilhali mzigo wa jirani, kwa madai yake, uliingia ndani ya kontena la kuchangia, baina ya sufuria na vijiko, kwa jina la vifaa vya jikoni. Hana ushahidi wa madai hayo ya mwisho, nami sikuupata, na neno la mshindani juu ya mshindani wake halipokelewi bila kupimwa. Walakini nimelisikia kwa wengine wawili, mmoja wao hana uhusiano wowote na biashara ya visu, anauza vitasa.

Ofisa mmoja wa serikali anayeshughulika na mambo ya ushuru, naye akikataa kutajwa, aliyasikia haya kwa tabasamu la mtu aliyeyasikia mara nyingi, kisha akanijibu kwa tarakimu. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, alinikumbusha, tangu Julai 2022 una ngazi nne, yaani 0, 10, 25 na 35 kwa mia, na ile ya juu iliwekwa makusudi kwa bidhaa zilizokamilika ambazo sisi wenyewe twaweza kuzitengeneza. Nia, alisema, ni kumrudisha mnunuzi kwa mhunzi wa nyumbani. Tarakimu hizo ni za kweli, lakini matumaini yaliyotundikwa juu yake yanahitaji kamba imara zaidi. Tuchukue kisu ambacho thamani yake bandarini ni shilingi 100: kikitozwa 25 kwa mia, kisha kikaongezewa kodi ya ongezeko la thamani ya 18 kwa mia inayotozwa Tanzania Bara, hutoka kwa shilingi 147 na senti 50, kikitozwa 35 kwa mia, hutoka kwa shilingi 159 na senti 30. Tofauti haifiki shilingi 12, na hapo sijatia tozo nyingine za njiani. Mwagizaji akipunguza kaboni ndani ya chuma hufidia tofauti hiyo na kubakiza cha mfukoni, na mnunuzi hatajua mpaka siku ya kwanza ya kukata. Ushuru hupima thamani iliyoandikwa karatasini, wala haupimi ugumu wa bapa.

Nilipouliza juu ya cheti cha ukaguzi, kile kinachotakiwa kabla ya shehena kupakiwa melini, ofisa alisema kwamba cheti ni dhamana tosha. Yamkini. Lakini cheti hufuatana na kontena, na kisu hufuatana na mnunuzi, na katika mitaa yote niliyopita sikukuta duka hata moja lenye chombo cha kupimia ugumu wa chuma, wala muuzaji aliyeweza kunionyesha karatasi inayoshuhudia kwamba kilichogongwa juu ya bapa ndicho kilichomo ndani yake.

Na huyo mhunzi anayelindwa, je, anafua nini? Hili ofisa hakulijibu, na ndilo nililoona kuwa kiini cha mambo. Wafua vyuma wa Gerezani hapa Dar es Salaam, na wenzao wa Kamukunji kule Nairobi, hufua mapanga, majembe, mashoka, na visu vya mpini vya jikoni na vya buchani. Visu vya kukunja vyenye kamani na kufuli havitoki fuaweni mwao ila kwa nadra, kwa kuwa kisu cha namna hiyo chataka tundu lililotobolewa kwa usahihi wa unywele na skrubu ndogo zisizouzwa hapa kwa jumla. Ushuru wa kisu cha kukunja, basi, wamlinda mtu asiyekitengeneza. Ambako mhunzi angeweza kushinda ni katika kisu cha ala, kisichokunjwa, na huko tayari anashindana bila kusaidiwa. Malighafi yake ni springi ya lori iliyokufa, chuma chenye kaboni takriban sehemu 6 katika 1,000, mara mbili ya kile cha komando mweusi. Hukitia motoni hata sumaku ikikataa kukivuta, jambo litokealo karibu na nyuzi 770 za Selsiasi, hupandisha moto kidogo tena, hukizamisha katika mafuta machafu ya injini, kisha hukirejesha motoni polepole mpaka uso uliosuguliwa ugeuke rangi ya majani makavu. Mwenye subira ya hatua hii ya mwisho hutoa kisu ambacho hakuna bidhaa ya sanduku la kioo ya bei hiyo inayoweza kukifikia. Asiye na subira huiruka, na bapa lake huvunjika kama kigae. Wote wawili hukaa ubao mmoja na huuza kwa bei moja, na hapo ndipo nisipoweza kumsifu mhunzi kwa jumla kama wanavyopenda kufanya wasemaji wa mikutano.

Kwa mwenye fedha chache, tuseme basi lile linaloweza kusemwa kwa yakini. Tarakimu 440 peke yake haina maana, kwa kuwa chuma cha jina hilo kina daraja tatu, A, B na C, na ya kwanza ina kaboni sehemu 7 hivi katika 1,000 ilhali ya tatu hukaribia au kupita 10. Kiwanda chenye daraja la juu hakisahau kuandika herufi. Neno lisemalo kwamba chuma hakishiki kutu lafaa kusomwa kuwa hakishiki upesi, hasa Tanga, Mombasa na Unguja, ambako chumvi ya hewa huingia katika bawaba ya kisu cha kukunja na kukila kwa ndani wakati uso wake ungali unang'aa. Rangi nyeusi huficha mikwaruzo, nayo huficha pia kazi mbaya. Meno hukata kamba vizuri, lakini hayanoleki kwa kinoo cha kawaida, na fundi wa kuyanoa ni adimu. Bapa nene la milimita 6, linalosifiwa kwa nguvu, hupasua chungwa badala ya kulikata. Milimita 3 zatosha, na urefu wa sentimita 10 hufanya karibu kila kazi ya mtu asiyewinda simba.

Kisu cha kukunja kina raha yake, sikatai. Hukaa mfukoni bila ala, hakitishi watu dukani, na fundi juu ya ngazi hukifungua kwa mkono mmoja. Lakini katika bei ya chini fedha hugawanyika: sehemu huenda kwenye bawaba, sehemu kwenye kufuli, sehemu kwenye skrubu, na chuma hupata kilichobaki. Mnunuzi akifungue, atikise bapa kulia na kushoto, kisha, vidole vikiwa mbali na njia ya makali, agonge mgongo wa kisu kwa kipande cha mti; kufuli likiteleza hata mara moja, akirudishe, maana kufuli hilo litateleza siku nyingine juu ya vidole. Kisu cha ala hakina mashaka hayo. Kinachotakiwa ni shina lipite mpini mzima hata kichwani, lionekane kwa juu na chini, na vipini vifungwe kwa misumari ya kufulia badala ya gundi. Mafuta ya nazi kidogo kila juma hukilinda na kutu.

Juu ya sheria nitasema machache. Katika nchi zetu swali huwa ni nia na mahali, na kisu ambacho ni chombo shambani huitwa silaha mkutanoni au kiwanjani kwenye mpira. Mwenye safari ya ndege asikitie katika mkoba wa mkononi. Na ndugu zetu walioko Uingereza wajue kwamba kinachoruhusiwa mtu kutembea nacho bila sababu ni kisu cha kukunja kisicho na kufuli, chenye makali yasiyozidi inchi 3, na kingine chochote chataka sababu ya haki.

Mustakabali wa biashara hii siwezi kuutabiri. Ofisa anaona mhunzi akiinuka. Mfanyabiashara wangu anaona kila mwaka visu vyepesi zaidi na vyeusi zaidi, na yeye mwenyewe, alikiri huku akicheka bila furaha, ameagiza dazeni kadhaa za komando kwa ajili ya msimu ujao. Kati ya hao wawili, nafikiri ni yeye aliye karibu na sanduku la kioo. Nawe msomaji ukienda sokoni na fedha kidogo, nunua kisu cha ala kisicho na rangi, muombe muuzaji ukate nacho karatasi mbele yake, na chenji itakayobaki nunulia kinoo.