Usimpokonye mtoto mchezo wake

MTOTO wa miaka mitano amefiwa na babake. Siku ya mazishi hakulia. Majirani wakasema, “Huyu bado ni mdogo, haelewi.” Wiki mbili baadaye, mamake anamkuta nyuma ya nyumba akimzika mwanasesere wake. Anamfukua, anampangusa udongo, kisha anamzika tena. Mama anashtuka, anampokonya mwanasesere na kumchapa eti anaita mkosi.

Mzazi mwenzangu, wewe ungefanya nini?

Wahenga walinena kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Mtoto huyo ana huzuni, ila hana maneno ya kuieleza. Mtu mzima akifiwa, husimulia kisa hicho kwa kila ajaye kumpa pole hadi moyo upoe. Mtoto husimulia kwa mikono. Isitoshe, kifo kilikuja bila kumuuliza, lakini mchezoni yeye ndiye anayeamua nani azikwe na nani afukuliwe. Kwa njia hiyo, jambo lililomtisha huanza kuzoeleka.

Wataalamu wamelijua hili kwa muda mrefu. Mnamo 1928, Daktari Margaret Lowenfeld alifungua kliniki ya watoto jijini London. Humo aliweka trei za mchanga, maji na vikaragosi vya watu, wanyama na nyumba, kila mtoto apange apendavyo. Watoto wenyewe waliuita mpangilio huo “dunia”. Huko Marekani, Virginia Axline alieleza katika kitabu chake cha 1947 kwamba katika tiba ya michezo mtoto ndiye huongoza naye mtaalamu hufuata, bila kumharakisha.

Nyumbani huhitaji vitu vya bei. Udongo, vifuniko vya chupa, gari la waya na mwanasesere wa matambara vyatosha. Tenga nusu saa kila wiki, uketi karibu naye. Usimhoji wala kumfundisha. Taja tu unachokiona: “Naona umemfunika vizuri. Labda unamhurumia.” Ukikosea, atakusahihisha.

Hata hivyo, kumwachia mtoto uhuru si kumwachia afanye vurugu. Akirusha mawe kwa hasira, mwambie: “Najua umekasirika, lakini hatumpigi mtu. Piga mpira huu ukutani.” Hasira inaruhusiwa, kuumiza hakuruhusiwi.

Iwapo wiki zinapita na mchezo ni ule ule bila kumpa nafuu, au mtoto hapati usingizi, ameanza tena kukojoa kitandani au anajiumiza, mpeleke kwa mshauri aliyefunzwa kushughulikia watoto.

Naye mama yule bado hajachelewa. Amrudishie mwanawe mwanasesere, amwombe radhi, kisha aketi kando ya lile shimo. Huenda naye pia ana kilio ambacho hajakimaliza.